Mahindi ya Upande wa Pili wa Kijia

Juzi sokoni Nachingwea mwanamke mmoja alibwaga tita la karanga mbichi mbele yangu, zingali na majani yake, mizizi imeng'ang'ania madonge ya udongo mwekundu. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Kama umekulia huku unaijua: ubichi wa kunde zilizopondwa, na chini yake harufu ya ardhi iliyolowa siku nyingi. Watu wengi harufu ile huwatamanisha kubandika sufuria motoni. Mimi haikunitamanisha chakula. Nilisimama pale na kikapu changu nikiona wivu mkali, na kwa muda sikukumbuka namwonea nani.

Nilikuwa namwonea Somoe. Siku hizi Somoe ni mama mzima na tunapigiana simu kila Ijumaa baada ya swala, tunaongea mpaka salio linakata. Lakini yule aliyenijia pale sokoni hakuwa Somoe wa simu. Alikuwa Somoe wa utotoni, binti wa mama mdogo, mashavu yamejaa, amesimama upande wake wa kijia na mahindi yake nyuma yake.

Kijijini kwetu, upande wa Kiegei, akina baba walihangaika na mikorosho, na mashamba ya chakula yalikuwa ya akina mama. Bibi alikuwa na shamba moja aliloligawa kati ya binti zake wawili. Mama, aliye mkubwa, alipewa upande wa karibu na nyumba. Mama mdogo, tuliyemwita Mama Somoe, alipewa upande wa pili, wenye changarawe. Katikati palipita kijia cha upana wa mtu mmoja na ndoo yake. Mvua iliyonyesha kwao ilinyesha kwetu. Jua lilikuwa moja. Hata majembe yalitoka kwa fundi mmoja.

Na bado, ukisimama kwenye kijia kile mahindi yakiwa ya kiunoni, ungedhani umesimama kati ya nchi mbili. Mkono wa kulia, kwao, majani mapana ya kijani kibichi kinachokaribia weusi, yakikwaruzana kwa sauti nzito upepo ukipita. Mkono wa kushoto, kwetu, mabua membamba kama fimbo za kuchungia, majani ya chini yamekuwa manjano kuanzia nchani, yakitoa sauti ya karatasi. Nilikuwa nikipita pale nimefumba jicho la kulia. Ndivyo wivu wa mtoto ulivyo. Unaamini kwamba usichokitazama hakikui.

Tulikuwa na kitu kimoja tu walichokosa wao. Kila mwaka, mahindi yetu yakianza kuchanua, chini ya mashina yake vilichipuka viua vidogo vyekundu, vyembamba, vizuri ajabu. Upande wa Somoe hukuvipata hata ukitafuta. Nilivichuma na kujichomeka katikati ya nywele, kisha nikapita mbele ya mlango wao taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Nipe kimoja," Somoe aliniomba siku moja.

"Kachume kwenu."

"Kwetu havioti."

"Basi ndiyo hivyo," nikamwambia, nikaondoka nikiwa nimeshiba siku nzima.

Shibe nyingine ilikuwa ya shida. Mahindi yetu yaliisha ghalani mapema kila mwaka, na tukarudi kwenye makopa, muhogo ule mkavu unaotwangwa ukatoa ugali wa kijivu unaovutika. Mimi leo naupenda ugali ule. Wakati ule nilikula nikinusa moshi wa jikoni kwa mama mdogo, ambako sembe ilikuwa nyeupe mpaka mvua zikarudi.

Mwaka ninaoukumbuka, mjomba alikuja kutoka Mandawa katikati ya masika. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Alitembea shambani mwa mama, mikono nyuma, akavunja bua moja na kulisikiliza likikatika.

"Hadija," alimwambia mama, "shamba limechoka hili. Umelilima mahindi juu ya mahindi tangu huyu hajazaliwa. Njoo Mandawa. Pori lipo. Tutakata, tutachoma, mwaka wa kwanza utakula mpaka useme basi."

"Na shule ya mtoto?"

"Watoto wa Mandawa unadhani wanasomea juu ya miti?"

Mama hakucheka. Alilitazama shamba lake. "Tuone mavuno," alisema. "Ghala lisipofika nusu, kiangazi njoo utuchukue."

Mjomba hakuwa mjinga, na sitaki umdhanie hivyo. Wazee wetu walifanya hivyo vizazi na vizazi: shamba likichoka waliliacha, wakafungua jingine, na lile la kwanza likalala mpaka miti ikarudi na udongo ukapata nguvu tena. Ni njia nzuri penye ardhi nyingi na watu wachache. Shida ni kwamba sisi tulizidi kuwa wengi na pori likazidi kuwa mbali.

Lakini mimi sikuwaza ardhi. Niliwaza mkeka. Nilikuwa nalala kwa bibi, upande wa ukutani, mgongo wangu kwenye tumbo lake, na kila usiku alininong'oneza jambo moja la Kimwera ambalo hakuwahi kumwambia mtu mwingine, au mimi ndivyo nilivyoamini. Tukihama, mkeka ule ungekuwa wazi. Na Somoe alikuwa ameshapiga hesabu hiyo.

"Mkienda Mandawa nitalala mimi kwa bibi," alisema tukiwa tunachota maji.

"Bibi hapendi watu wanaokoroma."

"Sikoromi!"

"Unakoroma kama mashine ya kusaga."

"Afadhali mimi mwenye cha kusaga," akajibu Somoe.

Maji yalinimwagikia yote. Hapo bombani alikuwapo Bi Tabu, jirani yetu, mwanamke ambaye hakuacha maneno yapite bila kuyaongezea chumvi. Alininyanyulia ndoo, akainama sikioni mwangu. "Mvua moja, udongo mmoja," alisema. "Ya huku yakonde, ya kule yanenepe? Mahindi hayana miguu, mwanangu. Yanavutwa."

Sote tulilelewa na habari za watu wenye dawa ya kuvuta mazao ya jirani, ndiyo maana neno lile halikuhitaji maelezo. Liliniingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Tangu siku ile niliacha kufumba jicho la kulia. Nililifumbua, nikapeleleza.

Na ukimtazama mama mdogo kwa jicho la namna ile, kila alichofanya kilikuwa ushahidi. Alikuwa amegawa shamba lake nusu mbili, na mahindi hayakukaa mahali pamoja miaka miwili. Mwaka huu hapa, mwaka ujao kule, na pale yalipotoka alipanda karanga. Nilijua sababu: alikuwa anaihamisha dawa isije ikagunduliwa. Akishachuma karanga hakuchoma majani na mashina yake kama watu wengine. Aliyatandaza ardhini na kuyafukia kwa jembe. Nilijua sababu yake pia: alikuwa anaficha.

Mwaka ule karanga zake zilikuwa mpakani kabisa na sisi, zimeanza kutoa maua ya njano. Adhuhuri moja, watu wamelala, nilivuka kijia, nikashika shina moja kwa mikono miwili na kulivuta. Lilitoka na lile donge la udongo na ile harufu. Nikalikung'uta.

Mizizi yote ilikuwa imejaa shanga. Sikosei nikisema shanga: vinundu vidogo vya mviringo, vimeshikana na uzi wa mizizi kama mtu amekaa na kuvitunga kimoja kimoja. Nikakibana kimoja kwa ukucha, kikapasuka. Ndani kilikuwa chekundu. Majimaji yake yalinipaka kidole rangi ya damu.

Nilikimbia na lile shina mpaka nyumbani. "Mama! Damu ya mahindi yetu! Wameitunga shanga!"

Nilitegemea mama anikemee. Mama mwenye mahindi mazuri angenikemea. Yeye alilichukua shina, akapasua kinundu, akaangalia kidole chake, na nikaona usoni mwake kitu nilichokijua vizuri kwa sababu nilikuwa nacho mwenyewe. Kumbe hata yeye alipita kwenye kijia kile na jicho moja. Alijifunga kanga kiunoni, akashika njia ya kwa mdogo wake. Mimi nyuma yake, viua vyekundu kichwani.

Mama mdogo alikuwa uani anapepeta, na bibi ameketi kando yake akimenya mbaazi.

"Hii ni nini?" mama aliuliza, akalitupa shina miguuni pake.

"Shikamoo kwanza, dada."

"Nimekuuliza hii ni nini."

Mama mdogo aliangalia shina, akaniangalia mimi, akaangalia kidole changu chekundu. Kicheko kilimtoka mpaka akaweka ungo chini. "Dada! Karanga zote zina hivyo! Ng'oa ya kwako uone."

"Sina karanga. Nina watoto wa kulisha. Shamba langu lote ni mahindi."

"Ng'oa kunde za mama basi."

Bibi hakusubiri. Alinyoosha mkono kwenye kunde zilizojiotea kando ya ukuta wake, akang'oa, akaweka mizizi kwenye mapaja yake. Shanga zile zile. Akapasua moja mbele ya mama, na ndani ilikuwa nyekundu. "Haya," alisema kwa Kimwera, taratibu, "na mimi niwekeni kwenye orodha ya wachawi wenu. Mkinifukuza, nilale wapi leo?"

Kisha akaniita nikae karibu. Nilidhani atanituliza. Alichomoa viua kichwani mwangu, akavinyanyua juu wote waone.

"Mnamtafuta mwizi mbali," alisema. "Mwizi wenu huyu hapa, mmempamba kichwani."

Acha nieleze hapa, kwa sababu mimi nilichukua miaka kuelewa na sioni sababu na wewe uchukue. Kile kiua kinaitwa kiduha. Kwa macho ni gugu dogo zuri. Kwa chini, mizizi yake hujipachika kwenye mizizi ya mahindi au mtama na kunyonya maji na chakula. Kinapochomoza juu ya ardhi kimeshafanya kazi yake kubwa gizani, ndiyo maana mama alipalilia kila mwaka na kila mwaka akachelewa. Kikichanua humwaga mbegu nyingi kama vumbi, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri mzizi wa hindi upite jirani. Mama aliyepanda mahindi juu ya mahindi alikuwa anaziandalia chakula mlangoni. Mzizi wa karanga au kunde ukipita, mbegu nyingine hudanganyika, huamka, hukuta hakuna cha kunyonya, na hufa.

Na zile shanga? Ni nyumba. Ndani yake hukaa vijidudu vidogo mno, bakteria, wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Wekundu ule ni dalili kwamba wako kazini. Karanga hula sehemu ya chakula hicho, na nyingine hubaki kwenye mizizi na majani. Ukiyarudisha majani ardhini badala ya kuyachoma, mahindi ya mwaka unaofuata huja kwenye karamu iliyoandaliwa. Hindi ni mlaji mkubwa. Ukimwita kwenye meza ile ile kila mwaka bila mtu wa kupika, atakula mpaka sahani. Haimalizi kila shida. Samadi bado inahitajika, na mvua ni ya Mungu. Lakini ni jambo ambalo hata mwenye jembe peke yake analiweza, na hajachelewa mtu kulianza.

Pale uani hakuna aliyetaja bakteria. Mama mdogo alisema tu kwamba aligundua kwa bahati mbaya. Mwaka mmoja kanga wa porini walifukua mbegu zake zote za mahindi upande mmoja, mvua zikawa zimeshasonga, akapanda karanga ili shamba lisikae tupu. Mwaka uliofuata akapanda mahindi kote, na pale zilipokuwa karanga mahindi yalikuwa meusi kwa kijani, yamekatwa mstari ulionyooka. Tangu hapo akawa anahamisha.

"Ulijua miaka yote hiyo," mama alisema, "na hukuniambia."

Mama mdogo aliokota ungo akaushika bila kupepeta.

"Wewe ulipewa upande wa nyumbani," alisema. "Wenye udongo. Mimi nikapewa mawe. Nani alikuwa akija kwa mwenzake na ungo mtupu? Mimi. Mwaka baada ya mwaka, 'dada nisaidie, dada nisaidie.' Mambo yalipogeuka nikasema, acha na mimi nionje kuonewa wivu."

Mbaazi moja ilimponyoka bibi ikabiringika.

"Ulionja?" mama aliuliza.

"Nilionja."

"Tamu?"

"Siku za mwanzo."

Mama alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya, akaondoka. Hawakukumbatiana. Ningependa kukuambia walikumbatiana.

Mavuno yakaja, ghala halikufika nusu. Halikufika hata robo. Mama alianza kufunga vyombo, na mimi nilianza kumchukia Somoe kwa bidii mpya, maana sasa sikuwa na uchawi wa kumsingizia. Ni rahisi kumwonea wivu mtu unayemdhania mwizi. Kumwonea wivu mtu asiye na kosa ni kazi ya kutwa nzima.

Asubuhi moja ya kiangazi mama mdogo alivuka kijia na jembe begani, akasimama katikati ya shamba letu kama fundi anayepima nyumba.

"Dada," aliita, "pale nilipong'oa karanga pana chakula kimelala. Lima wewe mahindi yako pale. Mimi nitapanda karanga hapa mpakani kwako, hiki kiduha chako kipate adabu. Upande wako uliobaki tia kunde na mbaazi."

Mama alitoka jikoni. "Na mahindi yako utapanda wapi?"

"Yalipokuwa."

"Mahindi juu ya mahindi?"

"Mwaka mmoja. Yatakonda kidogo. Hayataniua."

Mama alijua maana yake. Mdogo wake alikuwa anampa meza iliyoandaliwa na kwenda mwenyewe kula kwenye sahani iliyolambwa. Alimtazama, akatazama vyombo vilivyofungwa, akaingia ndani. Nilidhani amekataa. Alitoka na jembe.

Walikuwa wanalima, kila mmoja kwa mwenzake, mjomba alipofika na pikipiki ya kutuchukulia mizigo. Alizima, akaduwaa. Binti mkubwa upande wa mdogo, binti mdogo upande wa mkubwa.

"Jua limewapanda kichwani nyinyi? Hadija, hilo si lako!"

"Sihami, kaka," mama alisema bila kuinua mgongo. "Shuka, chukua jembe."

"Nimeazima pikipiki ya watu ili nije kulima?"

"Umekuja kusaidia au hukuja?"

Alilima mpaka saa saba, akilalamika kila jembe lilipoinuka, na jioni akarudi Mandawa akisema pori litatusubiri. Usiku ule nililala ukutani kama kawaida. Unaweza kudhani nilishukuru. Nilijua tu kwamba tumebaki kwa hisani ya akina Somoe, na jambo hilo liliniwasha kuliko upupu.

Mvua zikaja. Mama aling'oa kila kiduha alichokiona kabla hakijachanua, nami sikuruhusiwa kujipamba. Mahindi yetu, yaliyoota kwenye udongo wao, yalinipita magotini, yakanipita kifuani, yakanipita kichwa. Majani yake yalikwaruzana kwa ile sauti nzito niliyoijua kutoka upande wa pili. Niliingia katikati yake na kukaa tu. Nusu ile ya shamba ilikuwa inabeba kuliko shamba letu zima lilivyobeba mwaka uliotangulia, na mama alikuwa ameanza kuimba akipalilia, wimbo wa ovyo, maneno nusu.

Ya mama mdogo yalikuwa na manjano kidogo nchani. Si mabaya. Ila ukiyaweka pamoja na yetu, yalikuwa ya mtu mwingine.

Mchana mmoja nilitoka kati ya mahindi nikamkuta Somoe amechuchumaa kwenye kijia. Alikuwa amezigeuzia mgongo karanga zao. Anayatazama yetu, jicho moja limefumba.

"Mahindi yenu yataiva lini?" aliuliza.

Yenu. Nilikuwa nimelingoja neno lile maisha yangu yote mafupi, na sasa limefika sikujua niweke wapi uso wangu. Lilikuwa tamu. Sitadanganya, lilikuwa tamu kuliko sukari guru. Na papo hapo nililitambua lile jicho lake, nikajua linavyouma kwa ndani, mpaka linauma upande gani.

"Mengine yameshaiva," nikasema. "Ngoja."

Nikarudi ndani. Nilipita mstari hadi mstari nikipapasa mahindi, nikibinya punje kwa ukucha mpaka maziwa yakatoka, nikiangalia ndevu zilizokauka na zilizo bado. Nilichukua muda mwingi kuchagua. Kisha nikamvunjia moja, dogo kuliko yote.